Kagua Mpini Kabla ya Makali

Ni nadra kisu cha jikoni kufa kwa sababu ya makali. Makali yakiisha hunolewa. Kinachokiua ni mpini. Siku moja unatenganisha paja la kuku na kiuno, mkono unasikia kitu kimelegea, na wiki inayofuata ubapa unacheza ndani ya plastiki kama jino bovu. Ukiupasua mpini huo kwa nyundo utaona sababu: chuma chembamba, kifupi kama kidole gumba, kimechomekwa kwenye plastiki ya moto kikaachwa kipoe humo. Maji ya kuoshea vyombo yamekuwa yakipenya kila siku, na kutu imemaliza kazi polepole bila wewe kujua.

Kipande hicho kinachoingia kwenye mpini ndicho msuka. Kwenye jembe la mkono ni ule mwiba wa chuma unaopita kwenye mti. Kwenye kisu unaweza kuwa mfupi, unaweza kuwa mrefu na mwembamba, au unaweza kuwa kamili: chuma kile kile cha ubapa kinaendelea bila kukatika hadi kwenye kitako cha mpini, kwa upana wa mpini wenyewe, na vibao viwili vinabandikwa huku na huku na kufungwa kwa pini. Ukikigeuza ukakitazama mgongoni unaona mstari wa chuma uliobanwa na mbao mbili, kuanzia ncha hadi mwisho. Aliyewahi kushika panga anajua ninachosema, maana mapanga mengi yanayouzwa kwetu yameundwa hivyo, na ndiyo maana yanafyeka msimu baada ya msimu, yanapasua madafu na kuchanja kuni, na bado ubapa na mpini havijaachana.

Nataka kukushawishi kwamba kisu cha namna hiyo, kilichofuliwa na mtu unayeweza kumfikia, kinastahili fedha zaidi kuliko seti nzima ya visu vya dukani. Sababu yangu kubwa ni kwamba kisu cha msuka kamili hakina mahali pa kuficha ubovu. Chuma unakiona chote, kiungo unakiona, na kikiharibika kinafunguliwa na kutengenezwa. Ila mambo mengi yanategemea utakachomwambia fundi kabla hajawasha moto, kwa hiyo tuanzie hapo.

Uhunzi si kitu kigeni kwetu. Kule Ugweno, Upare Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma kizazi baada ya kizazi, na Wachagga walikuwa miongoni mwa wateja wao. Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia mawe ya chuma. Mhunzi wa leo, awe Kamukunji jijini Nairobi au nyuma ya gereji fulani Mwanza, hayeyushi tena mawe; anaanzia kwenye chuma chakavu, na chuma chakavu kizuri kuliko vyote kwa kisu ni springi za lori, zile bapa zinazolaliana chini ya gari. Kiwanda kilikusudia chuma hicho kipinde na kurudi mara milioni bila kuvunjika. Kina kaboni inayokaribia asilimia 0.6, na mara nyingi kromi kidogo, na kwa sababu hiyo kinakubali kukazwa kwa moto. Beringi kubwa na tupa zilizochakaa zina kaboni nyingi zaidi, hutoa makali ya ajabu, lakini zinamtaka fundi mwenye mkono wa uhakika kwa sababu zinavunjika kwa urahisi zikikosewa. Nondo za ujenzi hazifai kabisa. Kaboni yake ni ndogo mno. Zinang'arishwa, zinachongwa umbo la kuvutia, kisha zinapoteza makali kwenye kitunguu cha tatu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi.

"Fundi, hiki chuma ni cha nini?"

"Springi ya Fuso, kaka."

Jibu hilo linatosha kuendelea na mazungumzo. Fundi anayekwepa swali, au anayesema tu kwamba ni chuma kizuri usiwe na wasiwasi, mshukuru na uondoke. Muulize pia kama ameikagua springi yenyewe. Springi iliyobeba mizigo miaka mingi inaweza kuwa na nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na ufa huo ukibaki kwenye ubapa utafunguka siku chuma kinapotoswa kwenye mafuta, au baadaye mkononi mwako. Fundi makini huacha sehemu iliyochakaa zaidi, hasa palipo na tundu la boliti katikati, na huchukua chuma cha pembeni.

Swali la pili ndilo linalotenga mafundi na wachongaji: anakitiaje matiko? Chuma kikitoka kwenye nyundo bado ni laini. Kinapashwa moto tena hadi kiwe chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa, kisha kinatoswa ghafla kipoe, na hapo ndipo kinapokaza. Tatizo ni kujua lini kimefika. Mafundi wengi wana sumaku, aghalabu iliyong'olewa kwenye spika mbovu, wameifunga kwenye waya kando ya tanuri. Chuma kikifika nyuzi joto 770 hivi, sumaku haikivuti tena. Fundi anakigusisha, sumaku inakataa kushika, anakirudisha motoni kidogo tu ili kifike nyuzi 830 hivi, kisha anakizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa. Ukibahatika kumkuta akifanya hivyo, simama uangalie. Moshi unapanda, mafuta yanachemka kuzunguka ubapa, naye anausogeza mbele na nyuma kwa mstari ulionyooka, hauyumbishi pembeni, kwa sababu ukiyumba unapinda. Chuma cha springi kinataka mafuta. Maji yanakipoza haraka mno na mara nyingi yanakipasua. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa yanafaa. Oili chafu ya injini wengi wanaitumia, lakini moshi wake ni sumu kwa mapafu ya fundi, na ukiwa mteja wa kudumu una haki ya kumwambia hivyo.

Baada ya kutoswa, kisu ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Lazima kirudishwe kwenye joto dogo, nyuzi 200 hivi, kwa saa moja au mbili, mpaka chuma kilichosafishwa kionyeshe rangi ya manjano ya majani makavu. Hatua hii ndiyo fundi mwenye haraka huiruka, kwa kuwa mteja haioni. Usipouliza swali jingine lolote, uliza hili: "Ukishakitosa, unakirudisha motoni?" Visu vingi vya mkono vinavyomeguka makali vikigusa mfupa vimekosa hatua hii tu.

Marekani wana chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Anayetaka kutambuliwa huko hupeleka kisu chake kikajaribiwe. Kinakata kwa pigo moja kamba inayoning'inia, kinakatakata ubao, baada ya hapo bado kinanyoa nywele za mkono, na mwisho kinabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90. Kikivunjika, mwombaji amefeli. Wewe hutapinda kisu chako, ila jaribio hilo linafundisha jambo moja muhimu kwa mnunuzi: ugumu wa makali na ustahimilivu wa mgongo vinatoka kwenye moto. Msuka kamili hauokoi kisu kilichokosewa matiko. Unachofanya msuka ni kuhakikisha nguvu iliyomo kwenye ubapa inafika mkononi bila kupitia kiungo dhaifu.

Hapa nifike kwenye kosa ninaloliona zaidi katika visu vya mkono vya hapa kwetu, nalo ni unene. Springi ina unene wa milimita sita, nane, hata zaidi. Fundi akiwa mvivu wa kufua, au akidhani mteja anapima thamani kwa uzito, anaacha kisu kikiwa kinene. Kinaonekana cha maana mezani. Kikishuka kwenye karoti, hakikati. Kinasukuma kama kabari mpaka karoti ipasuke kwa mlio. Mama lishe anayekata kabichi na nyanya kuanzia alfajiri atakichukia kabla ya saa nne. Mpe fundi vipimo. Kisu cha jikoni kiwe na mgongo wa milimita mbili hadi tatu pale kinapotoka kwenye mpini, na kizidi kupungua kuelekea ncha. Nyuma kidogo ya makali, kabla ya ule ukingo wa mwisho unaonolewa, chuma kibaki chini ya nusu milimita. Kisu cha shamba, cha safari au cha kuchunia mnyama kinaweza kufika milimita nne. Zaidi ya hapo unaagiza panga fupi, na kama ni panga unalotaka, liagize kwa jina lake.

Uzito nao una dawa. Chuma kinachojaza mpini mzima kinakifanya kisu kielemee nyuma. Bob Loveless, fundi wa Marekani aliyefariki mwaka 2010 na ambaye kazi yake imeigwa duniani kote, alisifika kwa kuupunguza unene wa msuka hatua kwa hatua kuelekea kitakoni, hadi mwishoni unabaki mwembamba. Ni kazi ya ziada, na si kila fundi ataikubali kwa bei ya kawaida. Njia nyepesi ni kutoboa matundu kwenye msuka kabla ya kubandika vibao. Matundu hayaonekani, hayapunguzi nguvu ya maana, na yanaisaidia gundi ishikane kutoka upande hadi upande. Ukikilaza kisu kilichokamilika juu ya kidole kimoja, mahali mpini unapoanzia, cha jikoni kinapaswa kukaribia kusimama sawa.

Kuhusu mbao, sisi tuna bahati ambayo mafundi wa Ulaya wanailipia ghali. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, haunywi maji kwa urahisi, na ukipigwa msasa laini unang'aa bila vanishi. Mninga ni mwepesi zaidi na hautanuki wala kusinyaa ovyo, na mimi kwa kisu cha jikoni cha kila siku ningeuchagua huo kuliko mpingo, ili uzito usirudi nyuma tena. Mkwaju na mpera ni imara na hupatikana bila kutafuta. Pembe ya ng'ombe inafaa. Pembe ya ndovu usiiguse. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hakuna kisu kinachostahili mnyama huyo.

Kuliko aina ya mti, angalia ukavu wake. Mbao mbichi zikibandikwa Tanga kwenye unyevu wa pwani, kisu kikahamia Dodoma, ndani ya miezi michache zitasinyaa na chuma kitajitokeza pembeni kama ukingo unaokwaruza kiganja. Uliza zimekaushwa muda gani. Kisha sisitiza mambo mawili kwa pamoja: gundi ya mirija miwili inayochanganywa, ili maji yasipenye kati ya mbao na chuma, na pini zilizopita kutoka upande hadi upande na kupigwa vichwa. Gundi pekee huachia kwa joto na miaka. Pini pekee huacha mwanya. Fundi anayekuambia moja inatosha anapunguza kazi yake.

Siku ya kukichukua, usikimbilie kukata karatasi. Karatasi itakatwa hata na nondo iliyonolewa asubuhi ile. Anza na mpini. Pitisha ukucha polepole kwenye mstari ambapo mbao inakutana na chuma, kuzunguka mpini wote. Ukucha usinase. Kinyanyue kwenye mwanga wa jua utafute mwanya. Gonga mpini kwa kifundo cha kidole mahali kadhaa. Palipo na gundi panalia mlio mmoja uliojaa, na pasipo na gundi panalia utupu. Tazama msuka mgongoni mwa kisu kama rangi na unene vinaendelea bila kukatika. Wapo wanaounga kwa kulehemu kipande cha chuma laini nyuma ya ubapa ili kuokoa chuma kizuri, na kovu la kulehemu husuguliwa likafichwa chini ya mbao, lakini ukingoni huacha alama kwa anayetazama.

Ndipo uende kwenye makali. Elekeza ukingo kwenye taa au dirisha: makali yaliyo sawa hayaonyeshi chochote, na penye butu patametameta kama uzi mweupe. Omba tupa, ivute kidogo na kwa wepesi pembeni mwa makali, karibu na mpini ambako hakutumiki sana. Tupa ikiteleza kama juu ya kigae, matiko yameshika. Ikila chuma na kutoa unga, kisu hicho ni laini, na mahali pa kumwambia fundi ni hapo hapo, kabla hujatoa pesa ya mwisho. Ndiyo maana nashauri ulipe nusu unapoagiza na nusu unapopokea. Fundi wa kweli hatakasirika. Ataurudisha ubapa motoni, na wengi wao huona fahari kufanya hivyo mbele yako.

Si kila kazi inataka msuka kamili, na anayekuambia vinginevyo anauza tu. Visu vingi vya Kijapani vya kukatia samaki vina msuka uliochomekwa ndani ya mpini wa mti mwepesi. Mpini ukichoka huchomolewa, unawekwa mwingine. Visu vya Kifini vya porini viko hivyo pia, na sime ya Kimaasai msuka wake huingia ndani ya mpini na huwezi kumwambia Mmaasai kwamba ana silaha dhaifu. Ukiwa unaparua na kupasua samaki wa siku nzima pale soko la feri, wepesi wa mpini utakufaa kuliko uimara. Anayekata sukuma wiki hewani, fungu mkononi na kisu kikipita chini ya kidole gumba, anahitaji chuma chembamba sana na chepesi, basi. Msuka kamili ni wa kazi zenye kubana, kupinda na kushindilia: kutenganisha viungo vya nyama, kupasua boga na muhogo, kuchinja na kuchuna, kazi za shamba na safari. Kwa wanaochinja siku ya Idi, ambapo kisu kinatakiwa kiwe kikali kweli kweli na mkono usiteleze, sijui chaguo lililo bora kuliko ubapa mrefu wa springi wenye msuka kamili na mpini wa mninga usiong'arishwa kupita kiasi.

Kikishakuwa chako, jua kwamba hiki si chuma kisichoshika kutu. Baada ya wiki chache za vitunguu na nyanya ubapa utageuka rangi, kijivu chenye ubuluu. Usiisugue rangi hiyo. Inapunguza kasi ya kutu. Adui ni kutu nyekundu, nayo huja kwa limau lililoachwa juu ya kisu na kwa kulala kwenye beseni la vyombo. Osha, futa, weka pakavu. Pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, pangusa ubapa kwa tone la mafuta ya nazi kama hutakitumia kwa siku kadhaa. Mpini upake mafuta ya kitani au nta ya nyuki mbao zikianza kupauka. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, kwa kuwa ngozi hushika unyevu.

Katika kunoa, jiwe lenye pande mbili, la kukwaruza na la kulainisha, linatosha nyumba nzima. Inamisha ubapa nyuzi 15 hadi 20 kwa kisu cha jikoni, noa upande mmoja hadi usikie kwa kidole ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili, kisha geuza. Ukimpelekea mnoaji wa baiskeli, yule anayekanyaga pedali huku jiwe likizunguka, mwombe achovye ubapa majini mara kwa mara na asikandamize. Grenda ya umeme ikatae. Cheche zinapendeza, lakini makali yakionyesha rangi ya buluu yameshafika karibu nyuzi 300 na matiko ya sehemu hiyo yamekwenda. Kazi yote ya sumaku na mafuta imefutwa kwa sekunde chache.

Ugonjwa mmoja unaoupata msuka kamili ni maji kuingia chini ya vibao. Dalili ni mstari wa kahawia kwenye kiungo, au mbao inayonyanyuka kidogo upande wa kitako. Usiusubiri. Mpelekee fundi wako, au seremala yeyote mwenye mkono mzuri. Vichwa vya pini vinasagwa kwa tupa, pini zinasukumwa nje kwa msumari butu, vibao vinang'olewa, na kwa mara ya kwanza unauona msuka mzima ukiwa mtupu. Kutu inasuguliwa kwa msasa hadi chuma king'ae, mafuta yanapanguswa kwa spiriti, vibao vipya vinapimwa juu yake na kubandikwa, pini mpya zinapita kwenye matundu yale yale. Mpini ubanwe kwa jiliwa usiku kucha, gundi ikauke siku nzima, halafu mpini usawazishwe kwa tupa na msasa mpaka ukucha usinase popote.